Mke Bure, Ngazi kwa Amana

Jumapili, 4 Novemba

Jana nimelinda mikoba tena. Kumi na mmoja. Mitano ya meza yetu, sita ya meza jirani, maana sifa zangu zimeenea. Mmoja ulikuwa na samaki wa kukaanga ndani. Nani anakwenda dansini na samaki mkobani?

Kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu, ukumbi wa klabu ya raga hapa Grassy Park huwa na langarm. Mkono mrefu, ndiyo maana yake. Mwanamume na mwanamke wanashikana, mkono mmoja wanaunyoosha pembeni kama mpini wa pampu, wanauzunguka ukumbi mpaka bendi ichoke. Halafu wanarudi kukaa palepale walipotoka. Nina duka la kukodisha vifaa vya ujenzi mwaka wa ishirini na nane huu, nililianza na toroli moja bovu, na sijawahi kuona safari ya hasara kama hiyo.

Aubrey September kamwazima mke wangu mara sita. Kuazima ndilo neno linalotumika. Adabu ya ukumbini ni kwamba humwinui mke wa mtu bila kumwomba mwenyewe. Basi Aubrey, mstaafu wa posta, viatu rangi mbili, nywele kazipaka mafuta ya kukaangia chipsi, anakuja mezani, anainama. Neville ndugu yangu, naomba nimwazime shemeji kwa wimbo huu. Na adabu hiyohiyo inasema lazima nikubali. Dukani kwangu hata nyundo haitoki bila amana, saini na saa ya kurudishwa. Dulcie anatoka hivihivi.

Na jinsi anavyomtumia! Anamsukuma kinyumenyume ukumbi mzima. Yeye Aubrey ndiye anayetazama mbele, mke wangu hajui hata anakopelekwa. Na madume mengine yote yamemuiga. Adabu ni akina mama watangulie, waone waendako. Nilipomwambia Dulcie hayo tukiwa njiani kurudi, alisema nimekaa na mikoba muda mrefu mno.

Leo asubuhi kanitolea jambo lenyewe. Nilikuwa nakula koesister za Anti Minnie wa ng'ambo ya barabara. Kila Jumapili tunanunua kwake, zikiwa bado za moto, zimelowa sharubati na nazi juu. Dulcie akasema kamati imeamua. Dansi kubwa ya tarehe mosi Desemba itafunguliwa na wenye miaka thelathini ya ndoa. Ndio sisi. Waltz moja, ukumbi mtupu, watu wote wamekaa wanatazama.

Nikamwambia anajua mimi sichezi. Akajibu anajua sana. Siku ya harusi yetu alicheza na mjomba wake, kwa kuwa bwana harusi alikuwa nyuma ya ukumbi anatengeneza jenereta. (Kweli. Na wote walicheza kwa umeme wangu. Hilo halisemwi.) Kisha akapangusa vidole na kusema kwa utulivu kabisa kwamba ukumbi ataufungua. Afungue na nani, hilo ni juu yangu. Aubrey amekwisha kujitolea.

Koesister ya tatu nikairudisha sahanini.

Jumanne, 6 Novemba

Aubrey kaja dukani. Anataka ngazi ndefu, apake rangi ukuta wa juu kabla ya Krismasi. Nikaona Mungu kaniletea adui langoni.

Nikamtajia amana mara mbili ya kawaida. Nikamwambia ni kwa ajili ya uchakavu. Nikamweleza, kwa sauti ya kutosha, kwamba kitu kikiazimwa mara kwa mara na mtu yuleyule huwa kinalegea viungo, na mwenye mali ana haki ya kujilinda. Nilidhani ujumbe umefika.

Umefika. Akatoa pesa zote akitabasamu, akageukia wateja wanne waliokuwa foleni, akawauliza kama wamesikia. Kwa Neville Kortje, akasema, mke anaazimwa bure, ngazi kwa amana.

Wakacheka mpaka fundi mmoja wa mabomba akaketi juu ya mfuko wa saruji. Aubrey hakuishia hapo. Akasema usimlaumu Neville, langarm haiwezi, langarm ni ya mkono mrefu na wa kwake ni wa birika.

Ngazi aliibeba begani huku anapiga mluzi wa waltz.

Jioni Dulcie alikuwa keshaipata. Alisikia kwa Bibi Cupido, mwenyekiti wa kamati, ambaye aliisikia kwa mke wa fundi wa mabomba. Nikamwambia mtu yule ni mshenzi. Akasema mshenzi ama si mshenzi, anajua kumrudisha mwanamke kitini kwake. Kisha akapiga pasi gauni lake la kijani, lile la dansi, na hakuna dansi wiki hii.

Alhamisi, 8 Novemba

Zahanati, kupima presha. Imepanda. Nesi, binti mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni, akaniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia nanyanyua mashine za zege. Akasema hapana, nitafute kitu chenye mwendo na furaha. Akapendekeza dansi ya wawili wawili. Inasaidia moyo, akasema, inakaza miguu ili uzeeni usianguke, inaamsha ubongo kwa kuwa unakumbuka hatua na kumsikiliza mwenzio kwa pamoja, na inaondoa upweke. Nikamwambia dansi ndiyo iliyonipandisha presha. Nikamwambia pia namjua mtu aliyecheza miaka arobaini na ubongo haujaamka. Akaandika kitu kwenye kadi yangu. Sikuweza kukisoma.

Lakini nikafikiri. Mimi nimejifunza mwenyewe kufungua injini, kulehemu, kufanya hesabu za kodi. Waltz ni moja-mbili-tatu. Mchanganyiko wa zege ni mgumu zaidi.

Shule ya dansi ya barabara kuu ni ya binamu yake Aubrey, hiyo haifai. Nikavuka barabara kwa Anti Minnie. Ana miaka themanini na kidogo, mrefu kama mlingoti, mgongo umenyooka kuliko wangu. Maisha yake yote alishona suruali kiwandani Salt River, na ninasikia hakuna aliyeweza kumshinda kwa waltz. Nikamweleza shida yangu na sharti langu: Dulcie asijue. Akasema atanifunza, nimkopeshe mashine ya kukatia nyasi mpaka nyasi zikome kuota. Nikakubali. Mwanamke wa biashara.

Tukasukuma kochi. Akaniambia aliijulia dansi kiwandani, saa ya chakula, kati ya meza za kukatia vitambaa. Wanawake arobaini na mnyapara mmoja asiyecheza. Warefu waliwachukua wafupi, yaani waliwaongoza. Yeye hakuwahi kuchukuliwa na mtu, alikuwa akichukua tu.

Akanishika. Mkono wangu wa kushoto juu ya bega lake, wa kulia ndani ya kiganja chake, mkono wake mwingine mgongoni kwangu kama sahani ya chuma. Akaniambia nirudi nyuma kwa mguu wa kulia. Nikarudi. Akaja mbele.

Hapo ndipo nilipoelewa! Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mwanamke mbele, aone aendako. Hivi ndivyo ilivyochezwa zamani, kabla Aubrey September hajaiharibu. Nikamwambia Anti Minnie. Akasema, mwanangu, wewe rudi nyuma tu.

Jumatano, 14 Novemba

Somo la nne. Maendeleo makubwa, na si mimi ninayejisifu, ni mwalimu. Anti Minnie amesema hajawahi kupata mtu mwepesi kuelekezwa kama mimi tangu msichana mmoja wa kushona vifungo aliyeitwa Sophia. Nimelipokea.

Siri yake ni kwamba nimeendesha pikapu ya kupeleka mizigo miaka ishirini. Kurudi nyuma ndiyo taaluma yangu. Nimewahi kuingiza tela la zege kinyumenyume kwenye uchochoro wa Lotus River huku mbwa watatu wakibweka. Sebule ya Anti Minnie ni nini? Nimezunguka kochi, kabati la vyombo na mashine ya kushonea bila kugusa kitu.

Kuna jambo la ajabu ambalo naliandika kwa ajili ya rekodi tu. Ukiwa unarudi nyuma huoni kitu, unaacha kupanga. Ule mkono wa mgongoni unakuambia, na mguu unakwenda wenyewe. Kwa muda wa wimbo mzima sikuwaza kuhusu kodi, wala betri ya pikapu, wala Aubrey. Nilipoketi nilikuwa na jasho na nilikuwa natabasamu bila sababu ya kibiashara.

Usiku nimelala moja kwa moja. Dulcie kaniuliza kwa nini naimba bafuni. Nikamwambia ni bomba.

Dukani leo mteja mmoja kanikuta narudi nyuma kati ya mashine za zege, mkono wa kulia juu. Nikamwambia nilikuwa napima nafasi.

Jumapili, 18 Novemba

Langarm jana. Mikoba tisa. Ningeweza kusimama nikawaaibisha wote, lakini silaha haionyeshwi kabla ya vita. Nilikaa. Nikala bajia. Nikatazama miguu.

Aubrey ana mtindo wake. Akifika kwenye kona, anateleza. Mguu mmoja unatangulia, mwili unafuata kama mtu anayeingia kwenye basi linaloondoka, na Dulcie anazunguka pembeni yake gauni la kijani likijaa upepo. Watu wanapiga makofi. Kila kona. Ukumbi una kona nne, naye hasahau hata moja.

Alipomrudisha kitini alinishukuru kwa adabu yote, kisha akauliza, mbele ya meza nzima, kama nimeamua kuhusu tarehe mosi. Maana suti yake ameshaipeleka kwa dobi, na angependa kujua kama ni kwa ajili ya kucheza au kwa ajili ya kukaa. Bibi Cupido akanitazama. Meza ikanitazama. Dulcie alitazama samosa. Ile namna ya kutazama samosa naijua, ni ya mtu asiyetaka kuonekana anasubiri jibu.

Nikasema nitaijulisha kamati. Kama mbunge.

Lakini nilipokuwa naangalia mtelezo wa nne, mtu wa vifaa ndani yangu aliamka. Aubrey hatelezi kwa ufundi. Anatelezea nta. Ile sakafu ina nta ya miaka thelathini, mbao hazionekani. Na mimi nina mashine ya kupiga msasa sakafu, bora kuliko zote upande huu wa reli.

Bila nta hakuna mtelezo. Na anayetembea kwa hatua safi, kama nilivyofunzwa, hahitaji nta.

Kabla hatujatoka nilimvuta Bibi Cupido pembeni, nikamwambia najitolea kuipiga msasa sakafu yote ya ukumbi kwa heshima ya dansi kubwa. Bure. Akauliza mara mbili kama nimesema bure. Akashika meza.

Jumapili, 25 Novemba

Nimeifanya jana, kutwa nzima, peke yangu. Nta imetoka kama ngozi ya kuku. Magunia matano ya vumbi. Mbao sasa ni nyeupe, safi, na zinakwaruza kama ulimi wa paka. Nilijaribu kuteleza kwa soksi. Soksi ikabaki, mguu ukaendelea.

Dulcie kaja saa kumi na chai na mkate wa nyama. Akasimama mlangoni. Akaniuliza kama nimefanya yote haya kwa ajili ya miaka yetu thelathini.

Nilikuwa nimeziba pua na mdomo kwa kitambaa, basi sikuwa na lazima ya kujibu. Akaja akanibusu upara, vumbi na yote. Akasema hata nisipocheza, hili atalikumbuka.

Sikumsahihisha. Mtu haingilii mambo yanayokwenda vizuri.

Chai nilirudisha nusu kikombe, lakini.

Alhamisi, 29 Novemba

Balaa. Jana Bibi Cupido alikwenda ukumbini na viatu vyake vipya kujaribu hatua mbili. Kiatu cha kushoto kiligoma, yeye akaendelea. Kwa bahati aliangukia rundo la vitambaa vya meza. Kamati ikakutana usiku uleule. Nikaitwa. Nikasema ni mbao za asili, zina afya. Mwekahazina akasema yeye hachezi na afya, anacheza na viatu.

Na nani akainuka na suluhisho? Aubrey September. Akasema enzi za wazazi wao, sakafu ikiwa kavu, watu walikwangua mishumaa, wakaumwaga unga wake na kuisugua kwa magunia. Wote wakasema ndiyo, ndiyo, jamani, mishumaa. Shangazi zao walifanya hivyo. Leo wamekuja wanawake ishirini na mishumaa ya makanisa matatu, wamepiga magoti, wanakwangua na kuimba. Halafu nikaombwa mashine yangu ya kung'arisha. Ningesemaje? Niliishika mwenyewe.

Mbao zikiwa wazi hunywa nta mpaka ndani. Hilo nalijua, nimewaambia wateja mara elfu. Nilipomaliza, sakafu ile ungeweza kuifanya kioo cha kunyolea ndevu. Aubrey akavua koti, akapiga hatua mbili, akateleza kutoka jukwaani mpaka mlango wa jikoni, mikono kifuani, kama jeneza kwenye reli.

Akaniambia, Neville, sijawahi kuazimwa sakafu tamu kama hii. Na hujanidai hata amana.

Presha lazima imepanda. Nilivuka kwa Anti Minnie kwa somo la mwisho. Nikamwuliza kama niko tayari. Akasema niko tayari kwa mtu yeyote atakayenichukua.

Jumapili, 2 Desemba

Naandika taratibu, niyaweke sawa.

Ukumbi ulijaa. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa unang'oa mabati nje, ndani joto la watu na kuku wa kukaanga. Dulcie alivaa la kijani. Kitandani, kabla hatujatoka, alikuwa ameniwekea tai mbili, nyekundu na kijani. Nikavaa ya kijani. Njia nzima alikuwa ananyoosha vidole vya glavu zake.

Bibi Cupido akapanda jukwaani. Akatangaza miaka thelathini, akashukuru kwa sakafu, akasema bendi iko tayari. Dulcie kaweka mikono mapajani. Aubrey alikuwa keshasimama, viatu rangi mbili, suti ya dobi. Akaja mezani kwetu. Akainama kama kawaida. Neville ndugu yangu, naomba nimwazime shemeji.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti. Nikamwambia, leo haazimwi.

Dulcie alinitazama kama nimetoka kaburini. Nikamtolea mkono, tukaenda katikati, hatua fupifupi. Kwa sababu ya nta.

Saksafoni ikaanza. Nikaweka mkono wa kushoto begani kwake, kama nilivyofunzwa. Na yeye akaweka wa kushoto begani kwangu. Nikatoa wa kulia. Akatoa wa kulia. Tukajikuta tunapeana mkono kama watu waliouziana gari. Sawa. Muziki unakwenda. Moja. Nikarudi nyuma kwa mguu wa kulia.

Na yeye akarudi nyuma kwa mguu wa kulia.

Mbili, tatu. Mimi kuelekea jikoni, yeye kuelekea jukwaani. Kwa nta ile hakuna aliyeweza kusimama. Tukaishia tumeshikana kwa ncha za vidole, mikono imenyooka yote, kama watu wawili wanaokunja shuka. Mtu wa meza ya tatu, nadhani fundi wa mabomba, akapaza sauti kwamba wajionee, leo mkono wa birika umenyooka.

Ukumbi ukapasuka. Saksafoni ikakosa pumzi.

Nilitaka kwenda kutafuta jenereta.

Dulcie akanivuta taratibu mpaka akanifikia. Akautazama mkono wangu wa kulia ulivyokaa hewani. Akautazama wa kushoto. Akaninong'oneza, amekufundisha nani wewe? Nikasema Anti Minnie. Akageuza kichwa. Meza ya nane, Anti Minnie alikuwa ameshika paja la kuku na anachunguza dari.

Dulcie akacheka. Si kile kicheko cha Aubrey akifika kwenye kona. Hiki cha tumboni sijakisikia tangu pikapu ilipojiendesha yenyewe ikaingia kwenye bwawa la bata. Machozi yakamtoka. Nikadhani ndiyo basi, atamwita mwingine. Akavua glavu. Akaupitisha mkono wake wa kulia chini ya kwapa langu, akauweka mgongoni, akaushika wangu kwa wa kushoto, akawaashiria wapigaji waanze upya.

Kisha akaja mbele.

Nami nikarudi nyuma. Ukumbi mzima. Kona nne. Sikugusa kiti, sikugusa nguzo, sikugusa meza ya keki ambayo mpumbavu mmoja aliisogeza ndani mno. Alikuwa anauimba ule wimbo kwa sauti ya chini shingoni kwangu, na ana harufu ya pasi na karafuu, na nilijiuliza harufu hiyo nimeiacha kwa nani miaka yote hii. Mkono wake mgongoni haukuwa na haja ya kusukuma. Tulimpita Aubrey mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameketi, na mtu alikuwa amemwachia mkoba.

Wimbo ulipoisha watu walisimama. Wengine walikuwa wanapangusa macho, na wengine walikuwa wanajishika mbavu, sikuwagawa. Dulcie alinirudisha kitini. Akanishukuru. Akasema, miaka thelathini, Neville. Hungeweza kuniambia mapema?

Nikampa samosa.

Jumanne, 4 Desemba

Siku mbili za kutafakari. Mtu makini hafurahii tu, anakagua kazi baada ya kukabidhi.

Swali: kwa nini mwanzo uliharibika? Mimi hatua zangu zilikuwa sahihi. Nimezirudia dukani asubuhi hii, kati ya ngazi na toroli, hakuna kosa. Mguu wa kulia, nyuma. Basi kosa ni la nani?

Jibu linaniuma kuliandika. Ni la Dulcie. Na si la kwake hasa. Ni kile nilichosema tangu mwanzo: kitu kikiazimwa mara kwa mara na mtu yuleyule, kinarudi na kasoro. Aubrey kamzoesha kurudi nyuma. Mwili wake umeshika tabia hiyo. Muziki ukianza tu, anatia gia ya nyuma. Nashukuru Mungu katikati alikumbuka, akaja mbele kama mwanamke anavyotakiwa, na wote waliona jinsi ilivyopendeza.

Aubrey mwenyewe kaja leo kurudisha ngazi. Ina rangi kila mahali, amana nimezuia nusu. Hakubishana. Akaniambia mwaka mpya atakwenda kwa Dulcie, atainama, na kuomba aniazime mimi. Wateja wakacheka, sijui kwa nini. Hata adui akikiri ubora wako kuna watu wa kucheka. Nikamwambia azungumze na Dulcie, na atayarishe amana.

Jioni nilivuka kwa Anti Minnie. Nikamweleza kwa siri kabisa kwamba namtaka amchukue Dulcie, amfundishe hatua za kike toka mwanzo, taratibu, bila kumvunja moyo. Wiki nne zinatosha kabla ya langarm ya Januari. Anti Minnie akageukia sufuria, mabega yakawa yanatikisika, nadhani ni kifua. Akapangusa macho kwa aproni. Akauliza kama Dulcie anajua. Nikasema hapana, itakuwa zawadi yangu ya Krismasi.

Akasema atamchukua. Bei ni mashine ya nyasi mpaka Pasaka, nyasi ziote zisiote.

Tumepeana mkono. Kwa kazi ya namna hiyo, ni rahisi.